Kupasuliwa Tumbo ili Kuishi Zaidi

Kuna maneno mawili yanayozunguka, kuanzia Kindu na Bukavu hadi Dar es Salaam, kuhusu watu wanene wanaopasuliwa ili wapungue. La kwanza linasema ukikatwa tumbo sukari inakwisha, presha inashuka, na ujana unarudi. La pili linasema waliokatwa tumbo hawamalizi miaka kumi. Yote mawili husimuliwa kwa uhakika uleule, na ushahidi wake mara nyingi ni picha mbili za simu, moja ya kabla na nyingine ya baada. Katikati yake yupo mtu mwenye kilo 115, magoti yanamuuma, sukari haishuki kwa vidonge, na ndugu wanamvuta huku na huku.

Majibu ya kitabibu yapo, na mengine yametokana na kufuatilia wagonjwa kwa zaidi ya miaka 20. Ila yamepatikana Göteborg nchini Sweden, na Utah na Cleveland nchini Marekani. Anayeishi mji mdogo wa Kama, huko Maniema mashariki mwa Kongo, ambaye Kindu ndiyo mji wake mkubwa, ana swali la ziada ambalo watafiti hao hawakulazimika kuliuliza.

Puto, kisu na kunyonya mafuta

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na kuita vitu vitatu kwa jina moja.

Puto si upasuaji. Ni mfuko laini unaopitishwa kinywani ukiwa mtupu, ukajazwa maji au hewa ukiwa ndani ya tumbo la chakula, kisha ukatolewa baada ya miezi sita au mwaka. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila huko Dar es Salaam, ndiyo iliyolifanya neno hili lizoeleke midomoni mwa Waswahili katika miaka ya karibuni. Puto humsaidia mtu kushiba mapema kwa muda lilipo. Likishatoka, tumbo ni lilelile na njaa ni ileile. Kwa hiyo anayetaja miaka ya kuishi huku akizungumzia puto amechanganya mafaili.

Kisu nacho kina namna mbili kuu. Ya kwanza ni kuondoa karibu robo tatu ya tumbo la chakula na kubakiza bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Ya pili ni ya mchepuko: hutengenezwa kifuko kidogo kama yai juu ya tumbo, kikaunganishwa na utumbo mwembamba mbele zaidi, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Mchepuko ulianza Iowa, Marekani, mwaka 1966 kwa mikono ya Edward Mason na Chikashi Ito. Siku hizi zote mbili hufanywa kwa matundu madogo, si kwa kumpasua mtu toka kifuani hadi kitovuni. Kunyonya mafuta chini ya ngozi ni jambo jingine kabisa: kunabadilisha umbo, lakini hakutibu sukari.

Watu wengi hudhani kisu kinafanya kazi kwa sababu tumbo limekuwa dogo tu. Si hivyo. Sehemu ya tumbo inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, na chakula kinapofika haraka kwenye utumbo wa chini, utumbo huo humwaga homoni za shibe zinazoisukuma kongosho itoe insulini. Ndiyo maana sukari ya baadhi ya wagonjwa hushuka ndani ya siku chache, kabla kilo hazijapungua kwa maana yoyote. Daktari Walter Pories wa North Carolina alipochapisha matokeo yake mwaka 1995, wenzake wengi walishangaa kwamba ugonjwa uliohesabiwa kuwa wa vidonge na sindano umetikiswa na daktari wa upasuaji.

Unene unaoua na unene wa heshima

Mwili mkubwa si aibu katika nchi zetu. Kwa muda mrefu umesomwa kama dalili ya nyumba yenye chakula na mume anayetunza. Miaka ya ukali wa UKIMWI ikazidisha: aliyekonda alinong'onwa. Hata leo mtu aliyepungua kilo 40 kwa kisu ataulizwa anaumwa nini kabla ya kupewa pongezi.

Hata hivyo mizani imekwenda upande mmoja. Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka 2022 watu wazima milioni 890 wenye unene uliokithiri. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 27 ya watu wazima wana uzito uliozidi au unene uliokithiri, na wanawake ni zaidi ya mara mbili ya wanaume. Mazingira yanayoleta hali hiyo yanafahamika Kindu pia: pikipiki badala ya miguu, soda kwenye kila kikao, mafuta na unga mweupe kwa bei nafuu kuliko samaki. Unene wa kiwango cha juu hufupisha umri kupitia kisukari, presha, kiharusi, moyo, figo, ini na baadhi ya saratani. Hilo halibishaniwi. Ubishi uko kwenye dawa yake.

Wanaosema kisu kinaongeza miaka

Msingi wa hoja yao uko Sweden. Kuanzia mwaka 1987 Waswidi waliandikisha takribani watu 2,000 waliopasuliwa na idadi kama hiyo ya wanene waliotibiwa kwa njia za kawaida, wakawafuatilia. Mwaka 2007 walitangaza kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, jinsia na magonjwa, hatari ya kufa kwa waliopasuliwa ilikuwa chini kwa asilimia 29. Mwaka huohuo utafiti wa Utah kuhusu mchepuko ulionyesha pungufu ya asilimia 40, na vifo vya kisukari vilikuwa vimeshuka kwa asilimia 92.

Kisha mwaka 2021 jarida la Lancet likachapisha uchambuzi uliokusanya watu wapatao 174,000 kutoka tafiti mbalimbali. Wastani wa umri ulioongezeka ulikuwa miaka 6.1. Lakini takwimu yenye uzito zaidi imo ndani yake: wenye kisukari walipata miaka 9.3, wasio nacho miaka 5.1. Kisu kinarudisha zaidi kwa yule ambaye ugonjwa umeshaanza kumla. Mwaka uliofuata, hospitali ya Cleveland iliongeza habari ya saratani: kati ya watu zaidi ya 30,000, wale waliopasuliwa waliugua saratani zinazohusiana na unene kwa kiwango cha chini kwa asilimia 32.

Hoja ya usalama nayo imebadilika tangu enzi za Mason. Katika utafiti wa Sweden, waliofariki ndani ya siku 90 za upasuaji walikuwa asilimia 0.2, yaani wawili kati ya elfu. Anayesema kwamba waliokatwa tumbo hawamalizi miaka kumi anapingwa moja kwa moja na takwimu hizi.

Nyufa ndani ya ushahidi

Ila takwimu hizi hazikuteremka mbinguni. Utafiti wa Sweden haukupiga kura nani akatwe na nani asikatwe. Ulipokuwa unapangwa, vifo vya upasuaji vya miaka ya nyuma vilikuwa vingi kiasi kwamba kumpangia mtu kisu kwa bahati nasibu kulionekana si haki. Kwa hiyo waliokatwa walijichagua wenyewe. Mtu anayejichagulia upasuaji huenda pia ndiye anayehudhuria kliniki, anayeacha sigara, mwenye familia ya kumtazama. Watafiti husawazisha wanachoweza kukipima. Bidii haina kipimo. Majaribio ya kura yapo, kama lile la Cleveland lenye watu 150, ambalo baada ya miaka mitano lilikuta sukari imerudi karibu na kawaida kwa asilimia 29 ya waliofanyiwa mchepuko, asilimia 23 ya waliokatwa tumbo likawa bomba na asilimia 5 tu ya waliotumia dawa peke yake. Lakini hayo yanapima sukari. Watu 150 kwa miaka mitano hawawezi kusema lolote la maana kuhusu vifo.

Ufa wa pili ni kwamba Waswidi wengi wa utafiti ule walifanyiwa aina za upasuaji ambazo leo zimeachwa au zinaachwa. Upasuaji unaoongoza sasa, wa kukata tumbo likawa bomba, ni mgeni zaidi na bado hauna miongo ya ufuatiliaji kama hiyo.

Ufa wa tatu watangazaji huupita kimyakimya. Mwaka 2020 Waswidi walirudi na hesabu kamili ya umri. Waliopasuliwa waliishi miaka mitatu zaidi ya wanene wenzao. Lakini waliishi miaka 5.5 pungufu ya raia wa kawaida. Kisu kilirudisha sehemu ya kilichopotea, hakikurudisha chote. Sukari nayo ina tabia ya kurejea: miaka miwili baada ya kisu asilimia 72 ya wagonjwa wa Sweden waliokuwa na kisukari hawakuwa nacho tena, ila miaka 15 baadaye walibaki asilimia 30. Ni kweli kwamba hata waliorudiwa walipata madhara machache ya macho na figo, kwa hiyo miaka ya nafuu haikuwa bure. Lakini "inakwisha" si neno sahihi.

Wanaosema kisu ni deni

Kambi hii haisemi watu hufa mezani. Inasema upasuaji unabadilisha ugonjwa mmoja kuwa uangalizi wa maisha yote, na uangalizi huo una bei.

Mchepuko huruka sehemu ya utumbo inayofyonza chuma, kalsiamu na madini mengine. Tumbo likipunguzwa, vitamini B12 haifyonzwi ipasavyo. Akiba ya B12 iliyoko kwenye ini huweza kudumu miaka, ndiyo maana mgonjwa hujisikia mzima, anaacha vidonge, kisha mwaka wa tatu au wa nne miguu inaanza kufa ganzi. Mifupa hupoteza uzito. Mawe ya nyongo huongezeka mwili unapopungua kwa kasi. Utumbo uliopangwa upya huweza kujinyonga miaka baada ya kovu kupona, na hapo anahitajika daktari wa upasuaji kwa saa, si kwa siku. Waliokatwa tumbo likawa bomba wengi huishi na kiungulia.

Utafiti wa Utah ulioonyesha faida kubwa ulikuwa na ukurasa mwingine: vifo visivyotokana na maradhi, zikiwemo ajali na kujiua, vilikuwa juu kwa asilimia 58 kwa waliopasuliwa. Sababu haziko wazi zote, ila pombe imo. Baada ya mchepuko pombe hufika kwenye damu haraka na kwa wingi zaidi, hivyo glasi moja ya lutuku hufanya kazi ya mbili au tatu. Na mtu aliyezoea kutuliza huzuni kwa chakula, akinyang'anywa chakula, hutafuta kitu kingine.

Sahani ya Maniema

Hapa ndipo mjadala wa Göteborg unapoishia na wetu unapoanza. Kifuko kilichobaki huchukua vijiko vichache kwa mlo. Washauri wa lishe hutaka mgonjwa apate gramu 60 hivi za protini kwa siku, kwa hiyo lazima aanze na samaki, yai, maharagwe au nyama, kisha wanga kama nafasi imebaki. Sahani ya Maniema imepangwa kinyume. Katikati kuna mlima wa ugali wa mihogo au wali, kando kuna sombe iliyopikwa kwa mawese, na kipande cha samaki kinakuja mwisho, tena kwa baba au mgeni kwanza. Unga wa mihogo ni karibu wanga mtupu. Matonge manne yakiisha kushuka, kifuko kimejaa na protini haijaingia. Mtu huyo atapungua, naam, lakini atapungua misuli.

Si kwamba chakula kinachofaa hakipo. Samaki wa mto Lualaba, karanga, maharagwe, mayai, viwavi vya msimu: vyote vina protini nzuri, na viwavi vilivyokaushwa vina nyingi kwa ujazo mdogo, jambo ambalo mwenye tumbo dogo anapaswa kulifurahia. Kazi ngumu ni kumshawishi mama mkwe kwamba mgeni aliyekula vijiko vitano hakumdharau. Kula pamoja kwenye sinia moja kuna sheria zake, na moja ni kwamba anayeinuka mapema ana jambo.

Yapo mengine mazito zaidi. Upungufu wa damu kwa wanawake wa umri wa kuzaa tayari ni jambo la kila siku huku malaria na minyoo vikiendelea. Mwanamke wa namna hiyo akifanyiwa mchepuko huanza safari akiwa na deni la chuma. Madaktari pia hushauri asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji, na ushauri huo unahitaji uzazi wa mpango unaopatikana na mume anayekubali. Halafu kuna dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni huuzwa kwenye farmasi za mtaani kama pipi, na kwa mwenye mchepuko ni njia ya haraka ya kupata kidonda pale tumbo lilipoungwa, kinachoweza kuvuja damu au kutoboka.

Hatari ambayo haionekani kwa urahisi ni ya vitamini B1. Mwili huhifadhi ya wiki chache tu, na wali mweupe uliokobolewa una kidogo. Aliyepasuliwa akitapika kwa siku kadhaa, iwe kwa malaria, homa ya matumbo au kula vibaya, akiba hiyo huisha. Dalili zake ni kuyumba, kuona vitu viwili viwili, kuchanganyikiwa, na zisipotibiwa ubongo hubaki na kilema. Tiba yake ni sindano za bei ndogo. Ila mgonjwa kama huyo akitundikiwa serumu yenye sukari kabla ya kupewa B1, sukari hiyo huweza kuharakisha madhara.

Sindano mpya na njia ya jasho

Wapo wanaosema mjadala wote umepitwa na wakati kwa sababu ya sindano kama semaglutide, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy. Zinaiga homoni ileile ya shibe ambayo kisu huiamsha. Katika jaribio moja kubwa watu walipungua kwa wastani wa asilimia 15 hivi ndani ya wiki 68, na mwaka 2023 utafiti wa watu 17,604 wenye maradhi ya moyo ulionyesha mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vikishuka kwa asilimia 20. Udhaifu wake ni kwamba waliosimamisha dawa walirudisha theluthi mbili ya uzito ndani ya mwaka. Ni dawa ya kudumu, ya bei kubwa, inayotakiwa kukaa kwenye jokofu kabla ya kufunguliwa, na umeme wa Kindu unajulikana. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia zilizokamatwa hata Uingereza na Marekani. Kama bandia zinapenya huko, soko letu si la kuaminiwa kwa macho.

Njia ya jasho inadharauliwa na pande zote, na si haki. Katika mji wa Da Qing, China, watu 577 waliokuwa ukingoni mwa kisukari walipangiwa mwaka 1986 lishe, mazoezi au vyote, wengine wakaachwa kama walivyo. Mpango ulidumu miaka sita. Baada ya miaka 30 waliopangiwa walikuwa wameishi karibu mwaka mmoja na nusu zaidi, na vifo vya moyo na mishipa vilikuwa chini kwa asilimia 33. Hakuna kisu, hakuna jokofu. Lakini hao hawakuwa na kilo 130. Kwa aliyekwisha kufika huko, mwili wenyewe hupigana kurudisha uzito: njaa huongezeka, na nishati inayotumika hupungua. Utafiti wa Marekani uliowafuatilia zaidi ya watu 5,000 wanene wenye kisukari ulisimamishwa mwaka 2012 kwa sababu lishe na mazoezi makali hayakupunguza mishtuko ya moyo kuliko uangalizi wa kawaida. Kumwambia mtu kama huyo ale kidogo tu ni kumlaumu kwa kazi ambayo homoni zake zinaibomoa kila usiku.

Nani akatwe, na wapi

Mwongozo wa zamani wa Marekani wa mwaka 1991 uliweka mpaka kwenye kipimo cha uzito kwa urefu cha 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayotokana na unene. Kwa mtu wa mita 1.65, hiyo ni kilo 109 na kilo 95. Mwaka 2022 mpaka ukashushwa: 35 hata bila maradhi, na 30 kwa mwenye kisukari. Huko ulikotungwa una mantiki. Kuunakili Maniema ni kosa, kwa maoni yangu, kwa sababu unachukulia kwamba maabara ya damu, mtaalamu wa lishe na chumba cha upasuaji viko umbali wa gari la jioni.

Mwenye kisukari kisichoshikika na kilo zaidi ya mia ndiye anayepata miaka mingi zaidi, na kumnyima nafasi hiyo kwa sababu ya hadithi za mtaani ni kumwibia. Mwenye kitambi na hofu ya nguo kutomtosha hana sababu ya kuchukua deni hilo. Kati ya njia mbili za kisu, anayeishi mbali na daktari wa upasuaji ana hoja nzuri ya kuchagua kukatwa tumbo badala ya mchepuko, hata kama mchepuko unatibu sukari vizuri zaidi: utumbo haujapangwa upya, kwa hiyo hatari ya utumbo kujinyonga na ya upungufu mkubwa wa madini ni ndogo. Atavumilia kiungulia. Mwenye kiungulia kikali tangu zamani ndiye anayeondolewa kwenye hesabu hiyo.

Safari yenyewe huanza kwa ndege, iwe ya Kinshasa, Nairobi, Dar es Salaam au India, na familia huchanga kwa ajili ya tiketi na hospitali. Mchango huo husahau miaka inayofuata: vidonge vya kila siku, sindano za B12, vipimo vya damu mara moja au mbili kwa mwaka. Vingi kati ya hivyo si ghali na hospitali kuu ya Kindu inaweza kuvisimamia kama kuna anayejua mgonjwa alifanyiwa nini. Kwa hiyo kitu kidogo kinaamua mengi. Ni karatasi moja ya Kifaransa iliyogongwa muhuri, itajayo aina ya upasuaji, tarehe, dawa za maumivu zilizokatazwa, na sentensi isemayo mgonjwa akitapika apewe kwanza vitamini B1. Ikae pamoja na kitambulisho, na nakala yake ibaki kituo cha afya cha karibu, Kama kwenyewe. Isipokuwepo, muuguzi wa zamu ya usiku atatundika serumu ya sukari, kama anavyomtundikia kila anayetapika.